Leonhart Fuchs, tabibu aliyetaka mmea uonekane kwa macho: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wengi humfikia Fuchs kupitia ua la fuksia, wengine kupitia picha ya kale ya mahindi, na wachache kupitia historia ya tiba. Maswali yao hufanana. Majibu haya yamepangwa kuanzia ya msingi hadi yale ya pembeni. Jambo lililokwisha kuelezwa halirudiwi, bali utaelekezwa lilipo.

## Ya msingi

Leonhart Fuchs alikuwa nani?

Alikuwa tabibu, mwalimu wa chuo kikuu na mtaalamu wa mimea wa Ujerumani wa karne ya 16. Alizaliwa tarehe 17 Januari 1501 katika mji mdogo wa Wemding, Bavaria, akafariki tarehe 10 Mei 1566 mjini Tübingen, alikofundisha udaktari kwa zaidi ya miaka 30.

Anakumbukwa hasa kwa kitabu kikubwa cha mimea kilichochapwa Basel, Uswisi, mwaka 1542. Kilikuwa na michoro zaidi ya 500 iliyochorwa kwa kuangalia mimea yenyewe. Maisha yake yote aliyatumia kudai jambo moja: asiyeutambua mmea hana haki ya kumpa mgonjwa dawa inayotokana nao. Leo dai hilo linaonekana la kawaida. Wakati wake lilikuwa aibu kwa matabibu wenzake, naye hakuwaficha hilo.

Jina lake hutamkwaje, na lina maana gani?

Hutamkwa karibu na «Fuks». Kwa Kijerumani neno hilo ni mbweha. Maana hiyo ilimletea maneno, maana mahasimu wake hawakukosa kuitumia. Tazama swali kuhusu ugomvi na wachapaji.

Alikulia wapi, na alisomea wapi?

Babu yake aliwahi kuwa meya wa Wemding. Baba alifariki Leonhart akiwa bado mtoto mdogo, na babu huyo ndiye anayetajwa kuwa alimtembeza mashambani akimfundisha majina ya maua. Ukisoma vitabu vyake baadaye unaisikia sauti ya mtoto aliyefundishwa majina kabla ya kufundishwa kusoma.

Alipelekwa shule Heilbronn, kisha Erfurt, akapata shahada ya kwanza katika chuo kikuu cha huko akiwa bado kijana wa miaka kumi na kitu. Akarudi nyumbani na kufungua shule. Mwaka 1519 aliingia Chuo Kikuu cha Ingolstadt, akasoma Kigiriki na Kiebrania kwa Johannes Reuchlin, mmoja wa wasomi wakubwa wa lugha wa zama hizo. Mwaka 1521 alipata shahada ya uzamili, na tarehe 1 Machi 1524 akawa daktari wa tiba.

Kigiriki kilimsaidia kuliko unavyoweza kudhani. Vitabu vya msingi vya dawa, vya matabibu wa kale Galen na Dioscorides, viliandikwa kwa Kigiriki, na Ulaya ilikuwa ikivisoma kwa tafsiri zilizopita mikono mingi. Fuchs aliweza kurudi kwenye maandishi ya awali na kupima kama jina lililomo ndilo jina la mmea uliopo mbele yake.

Je, ua la fuksia ni lake?

Jina ni lake, ua hakuwahi kuliona. Fuksia za mwituni humea Amerika ya Kati na Kusini, visiwa vya Karibi, Nyuzilandi na Tahiti. Padri wa Kifaransa Charles Plumier, mtaalamu wa mimea aliyesafiri Karibi, aliikuta aina moja katika kisiwa cha Hispaniola mwishoni mwa karne ya 17. Katika kitabu chake cha mwaka 1703 aliipa jina Fuchsia kwa heshima ya tabibu aliyekuwa amezikwa karibu miaka 140 kabla. Plumier alikuwa na desturi ya kuwaenzi watangulizi wake kwa njia hiyo. Mfano mwingine, ulio karibu zaidi na sisi, uko kwenye swali la msesewe.

## Fuchs kama tabibu

Alitibu watu kweli, au alikuwa mtu wa vitabu tu?

Alitibu. Baada ya kupata udaktari alifanya kazi Munich, ambako alimwoa Anna Friedberger. Walijaliwa watoto kumi. Mwaka 1526 aliitwa kufundisha tiba Ingolstadt, na mwaka 1528 akawa tabibu wa Margrave (yaani mtawala) Georg wa Brandenburg kule Ansbach.

Jina lake lilienea mwaka 1529. Mwaka huo ugonjwa ulioitwa «jasho la Kiingereza» ulivuka bahari na kuingia Ujerumani. Mtu alipatwa na homa kali na jasho jingi, na wengine walifariki ndani ya siku moja. Fuchs alihudumia wagonjwa wengi Ansbach, akasifiwa kwa hilo. Chanzo cha ugonjwa huo hakijathibitishwa hadi leo, na ulitoweka katika karne hiyohiyo.

Dini ilimgusaje?

Ilimgusa kwenye mkate wake. Akiwa mwanafunzi Ingolstadt alisoma maandishi ya Martin Luther, akaupokea Uprotestanti. Ingolstadt ilikuwa ngome ya Wakatoliki, na mwanateolojia Johann Eck, mpinzani mkubwa wa Luther, alifundisha hapohapo. Fuchs alipojaribu kurudi kufundisha mwaka 1533, mlango ulifungwa.

Ulrich, mtawala wa Württemberg, alirejea madarakani mwaka 1534 na kuanzisha matengenezo ya Kanisa katika nchi yake, pamoja na kukipanga upya Chuo Kikuu cha Tübingen. Alihitaji wasomi wa Kiprotestanti wenye jina. Fuchs alifika Tübingen mwaka 1535 na hakuondoka tena. Alikiongoza chuo kama mkuu wake mara saba. Cosimo wa Medici, mtawala wa Florence, alimwita Pisa kwa mshahara mnono, akakataa.

Alifundisha vipi?

Kwa kutoka nje. Familia yake iliishi katika jengo lililokuwa la watawa wa kike, Nonnenhaus, na hapo alipanda bustani ya mimea ya dawa. Bustani hiyo huhesabiwa miongoni mwa za kwanza za aina yake katika vyuo vikuu vya Ulaya. Aliwachukua wanafunzi mashambani na milimani ili waione mimea ikiwa na mizizi yake, mahali ilipoota na kwa msimu wake.

Katika dibaji ya kitabu cha 1542 analalamika kwamba kati ya matabibu mia ni vigumu kumpata hata mmoja anayeijua vizuri mimea michache. Tabibu anamwachia muuza dawa, muuza dawa anamwachia mwanakijiji anayechuma majani, na mgonjwa anakunywa kilicholetwa. Kila nikisoma malalamiko hayo naona mnyororo ambao bado upo sokoni kwetu, pale unga wa kijani unapouzwa kwenye pakiti isiyo na jina la mmea.

Papo hapo, dibaji hiyohiyo ina furaha ya waziwazi. Fuchs anasema hakuna raha duniani inayopita kutembea msituni, milimani na bondeni ukiitazama mimea kwa makini, na kwamba raha huongezeka ukijua na faida zake.

Tiba yake ilifanana na ipi tunayoifahamu?

Msomaji wa pwani anaweza kushangaa jinsi inavyofanana na tiba aliyoisikia kwa wazee. Fuchs alimfuata Galen, tabibu wa Kigiriki wa karne ya 2, ambaye vitabu vya Kiarabu humwita Jalinusi. Kwa mfumo huo mwili una uowevu wa aina nne: damu, kohozi, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi. Afya ni mizani kati yao. Kila mmea nao una tabia yake: wa moto au wa baridi, mkavu au wenye majimaji, na tabia hizo zilipimwa kwa daraja nne. Ugonjwa wa baridi ulitibiwa kwa mmea wa moto.

Watabibu wa Lamu na Unguja waliosoma vitabu vya tiba vya Kiarabu huyaita mambo hayo hari, baridi, yabisi na rutuba. Shina ni moja. Elimu ya Wagiriki ilipita Baghdad na Uajemi, tawi moja likafika Ulaya na jingine likashuka na pepo za kaskazi hadi kwetu. Katika kitabu cha Fuchs kila mmea una kifungu cha tabia yake kwa mizani hiyo.

Sayansi ya leo imeuacha mfumo wa uowevu nne. Ila usimcheke mtu wa 1542 kwa kuufuata. Hapakuwa na mwingine uliopangika kiasi hicho.

Mbona aliwashambulia matabibu wa Kiarabu?

Hili ni doa lake, na halifai kufichwa. Kwa karne kadhaa vyuo vya Ulaya vilifundisha tiba kwa kitabu cha Ibn Sina, Qanun, kilichotafsiriwa Kilatini. Fuchs na wenzake wa kundi la wapenda Kigiriki waliamini kwamba makosa yote yaliyoingia kwenye tiba yaliletwa na Waarabu na watafsiri wao, na dawa yake ni kurudi kwa Wagiriki wenyewe. Kitabu chake cha kwanza chenye kishindo, cha mwaka 1530, kilikuwa orodha ya makosa ya matabibu wa karibuni, na lawama nyingi zinaangukia upande huo.

Alikuwa na haki kwenye jambo moja: majina ya mimea yalichanganyika kweli katika safari ya kutoka Kigiriki kwenda Kiarabu na kisha Kilatini. Hakuwa na haki kuhusu yaliyobaki. Waarabu na Waajemi waliongeza mimea na dawa ambazo Wagiriki hawakuzijua, na bila wao sehemu kubwa ya Galen isingehifadhiwa vile.

## Kitabu cha mwaka 1542

Kitabu chenyewe kinahusu nini?

Jina lake la Kilatini ni De historia stirpium commentarii insignes, yaani maelezo mashuhuri juu ya historia ya mimea. Kilichapwa na Michael Isingrin, Basel. Ni kitabu kikubwa cha kurasa karibu 900, chenye michoro zaidi ya 500 ya ukurasa mzima. Mimea mingi ni ile ya mwituni Ujerumani, na karibu mia moja ni ya bustani au iliyoletwa kutoka nje.

Kila sura hufuata mpangilio mmoja: majina ya mmea, aina zake, umbo, mahali unapoota, wakati wa kuchanua, tabia yake ya moto au baridi, kisha nguvu zake za tiba. Sura zimefuata alfabeti ya Kigiriki, jambo linaloonyesha Fuchs aliwaza mmea usio na jina la Kigiriki kama mgeni asiye na kiti. Mwanzoni kuna faharasa ya maneno magumu ya sehemu za mmea, miongoni mwa za mwanzo kabisa kuandikwa kwa kazi hiyo.

Si Brunfels aliyetangulia? Fuchs aliongeza nini?

Ndiyo, Otto Brunfels alitangulia. Mwaka 1530 alianza kutoa kitabu chenye picha hai za mimea zilizochorwa na Hans Weiditz. Picha zile ni nzuri mno, hata jani lililoliwa na wadudu linaonekana. Tatizo ni maandishi: Brunfels alinukuu waandishi wa kale bila kuuliza kama mmea wao ndio huo uliochorwa. Hieronymus Bock, kwa upande wake, alieleza mimea kwa maneno mazuri sana ya Kijerumani mwaka 1539, lakini toleo lake la kwanza halikuwa na picha.

Fuchs aliviunganisha vyote viwili. Maandishi na picha vinaongea juu ya mmea uleule, kwa mpangilio uleule, kitabu kizima. Kwa kitu kilichokusudiwa kumwokoa mtu asinywe sumu, hilo si dogo.

Nani waliichora michoro?

Wasanii watatu. Albrecht Meyer alichora mimea kwa kuitazama. Heinrich Füllmaurer aliuhamishia mchoro kwenye ubao. Vitus Rudolph Speckle wa Strasbourg aliuchonga ubao ili uweze kuchapwa kwa wino.

Kinachonigusa ni kwamba picha zao watatu zimo kitabuni, na majina yao. Meyer na Füllmaurer wameonyeshwa wakiwa kazini, mmea ukiwa kwenye chombo mbele yao, na Speckle yuko chini yao. Mchongaji wa mbao alihesabiwa fundi wa mkono, na vitabu vingi vya zama zile havikumtaja. Fuchs mwenyewe yuko mwanzoni, na umri wake wa miaka 41 umeandikwa; amevaa joho zito na kushika kijitawi cha mmea.

Picha zake ni sahihi kiasi gani?

Kwa utambuzi wa mmea, ni sahihi sana. Aliwaagiza wasanii waonyeshe mmea mzima: mizizi, shina, majani, maua, mbegu na matunda. Aliwakataza kutia vivuli na mapambo yanayoficha umbo kwa ajili ya kujionyesha ufundi. Mistari ni myembamba na safi, na nakala nyingine zilitiwa rangi kwa mkono.

Ila si picha ya mmea mmoja mahususi kama kamera ingeuona. Mmea unaweza kuonyeshwa ukiwa na maua na matunda kwa pamoja ingawa havitokei msimu mmoja. Kuna mchoro wa mmea wa jamii ya mnanaa ambapo maua meupe, ya manjano na ya zambarau yanatoka kwenye shina moja, ilhali kila rangi ni ya aina yake. Hakukosea kwa kutojua. Alitaka ukurasa mmoja ubebe yote ambayo msomaji angehitaji. Sioni ubaya, mradi msomaji ajue anachotazama.

Kwa nini Kilatini? Watu wa kawaida walisomaje?

Kilatini kilikuwa lugha ya vyuo, kikamfikisha kwa msomi wa Paris na wa Padua bila mkalimani. Lakini mwaka uliofuata, 1543, alitoa toleo la Kijerumani, New Kreüterbuch, kwa wauza dawa, mama wa nyumbani na kila aliyetaka kujua kilichoota ukingoni mwa shamba lake. Baadaye kitabu kilitoka pia kwa Kiholanzi, Kifaransa na Kihispania, na Isingrin alichapa matoleo madogo ya kubebeka mkononi. Ukiwa mlimani na mwalimu huwezi kufungua kitabu chenye uzito wa jiwe la kusagia.

Kulikuwa na ugomvi gani na wachapaji?

Mkubwa ulikuwa na Christian Egenolff, mchapaji wa Frankfurt, aliyejulikana kwa kunakili vitabu vya mimea vya wengine. Mwaka 1544 Fuchs aliandika kijitabu kizima cha kumjibu, kwa maneno makali. Janus Cornarius, tabibu na mtafsiri wa Kigiriki aliyekuwa upande wa Egenolff, akamjibu kwa kijitabu kilichoitwa «Mbweha aliyechunwa ngozi». Fuchs naye akaandika kingine akimwita Cornarius mtu mwenye kichaa.

Hasira ya Fuchs ina sababu ambayo mwandishi yeyote ataielewa. Mchoro uliochukua miaka, bustani na mafundi watatu ungeweza kunakiliwa kwa muda mfupi na mtu asiyewahi kuuona mmea, na kila nakala ya nakala ilipoteza kitu. Hata hivyo si kila aliyetumia michoro yake alikuwa adui wa elimu. William Turner wa Uingereza na Rembert Dodoens wa Flandria waliitumia katika vitabu vyao, na kwa njia hiyo macho ya Meyer yaliendelea kufundisha vizazi.

## Mimea iliyomo

Je, ni kweli Fuchs alichapa picha ya mahindi?

Ni kweli, na ni miongoni mwa picha za kwanza kabisa za mahindi zilizochapwa Ulaya. Mmea umesimama ukurasa mzima, majani marefu yakipinda, na magunzi yenye punje za rangi mbalimbali.

Jina ndilo linalosisimua. Aliyaita Turcicum frumentum, nafaka ya Kituruki, akieleza kwamba yalifika Ujerumani kutoka Asia na Ugiriki, nchi zilizokuwa mikononi mwa Waturuki. Asili yake halisi ni Amerika. Mahindi yalivuka bahari baada ya safari za Columbus, na mkulima wa Ujerumani aliyapokea bila cheti cha kuzaliwa.

Sisi tulifanya vilevile. Neno mahindi linaelekeza Hindi, kana kwamba zao hilo lilitoka Bara Hindi, ilhali nalo kwetu ni mgeni wa kutoka Amerika. Mjerumani akamtazama Mturuki, Mswahili akamtazama Mhindi, kila mmoja akiita kitu kigeni kwa jina la mgeni aliyemzoea. Naona jambo hili linafundisha historia ya biashara kuliko ramani nyingi.

Na pilipili?

Imo pia, kwa majina yanayokosea kwa namna ileile. Pilipili kali, ambayo nayo ni ya Amerika, ameitaja kuwa pilipili ya Kalikuti, bandari ya pwani ya Malabar iliyojulikana na mabaharia wetu wa majahazi. Kosa lake linaeleweka: Kalikuti ilikuwa mlango wa pilipili manga, kwa hiyo chochote kilichochoma ulimi kilidhaniwa kimetoka huko. Mimea mingine ya Amerika iliyomo ni pamoja na maboga.

Digitalisi ina uhusiano gani naye?

Jina lake. Mmea huo mrefu wenye maua kama vikombe vinavyoning'inia haukuwa na jina la Kigiriki wala la Kilatini. Wajerumani waliuita Fingerhut, yaani kastabini, ile kofia ya kidole ya mshona nguo. Fuchs akaunda neno la Kilatini kutokana na kidole: Digitalis. Carl Linnaeus alilihifadhi alipopanga majina ya kisayansi mwaka 1753, na ndilo linalotumika hadi leo.

Nguvu yake juu ya moyo hakuijua. Aliyeichunguza ni William Withering wa Uingereza, baada ya kusikia mwaka 1775 juu ya dawa ya kienyeji ya kutibu uvimbe wa maji mwilini. Alichapa matokeo yake mwaka 1785, akieleza kipimo na hatari. Dawa ya digoksini, iliyotenganishwa mwaka 1930 kutoka mmea wa jamii hiyohiyo, bado hutumika kwa baadhi ya wagonjwa wa moyo.

Naweza kufuata dawa zake nyumbani?

Usifanye hivyo. Digitalisi inaweza kuua, na tofauti kati ya kipimo kinachosaidia na kinachodhuru ni ndogo sana. Vilevile, kifungu cha «nguvu» katika kila sura kimekusanya maneno ya waandishi wa kale, si majaribio.

Kuna hatari nyingine ambayo Fuchs mwenyewe angekuonya nayo: majina. Mwarobaini ni mmoja, lakini upo mti wa jamii yake, Melia azedarach, ambao Kenya huitwa mwarobaini nusu, na matunda yake yana sumu. Anayesikia jina kwa haraka na kuchuma kwa haraka anaweza kujuta. Daktari au mfamasia aulizwe kwanza.

## Maswali ya pembeni

Je, ndiye Mjerumani mwenye jina kwenye msesewe?

Hapana, ingawa naelewa mchanganyiko unakotoka. Msesewe, mti ambao gome lake Wachagga hulitia kwenye mbege, pombe yao ya ndizi, ili kuipa uchungu, kwa jina la kisayansi ni Rauvolfia caffra. Jina Rauvolfia linamkumbuka Leonhard Rauwolf wa Augsburg, naye pia Leonhard, naye pia tabibu na mtaalamu wa mimea wa karne ya 16, na aliyemwenzi ni Plumier yuleyule wa fuksia.

Rauwolf ni mtu wa aina nyingine, msafiri. Kati ya 1573 na 1576 alizunguka Shamu na Iraki akitafuta mimea iliyotajwa na watu wa kale, na katika kitabu chake cha 1582 alieleza jinsi watu wa Halab (Aleppo) walivyokunywa kahawa. Alifariki mwaka 1596.

Fuchs aliwahi kufika Afrika, au kuhusika na ukoloni wa Wajerumani?

La. Alifanya kazi zake zote Ujerumani, na alifariki zaidi ya miaka 300 kabla ya utawala wa Wajerumani Tanganyika. Wengine humchanganya na habari za ua la Usambara, ambalo jina lake la zamani la kisayansi, Saintpaulia, linatokana na Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa utawala huo wa Wajerumani aliyepeleka mbegu zake Ulaya mwaka 1892. Watu wawili tofauti kabisa.

Ni sahihi kumwita baba wa botania?

Ujerumani humtaja pamoja na Brunfels na Bock kama baba watatu, na wengine humwongeza Valerius Cordus, aliyefariki kijana mwaka 1544. Mimi naliona neno «baba» kuwa pana mno. Fuchs hakupanga mimea kwa ukoo wala hakuielezea kwa maneno yanayomshinda Bock. Alichofanya ni kufunga jina, maelezo na picha kwa kamba moja.

Aliandika juu ya mwili wa binadamu pia?

Ndiyo, vitabu kadhaa vya kufundishia tiba. Mwaka 1551 alitoa muhtasari wa elimu ya maumbile ya mwili kutoka kwa Galen na Andreas Vesalius. Vesalius alikuwa amemsahihisha Galen kwa kupasua maiti, na inampa Fuchs heshima kwamba, pamoja na mapenzi yake kwa Galen, aliwaweka wote wawili mezani.

Rangi ya fuksia ilitokeaje?

Ni habari ya kiwanda. Mwishoni mwa miaka ya 1850 mkemia François-Emmanuel Verguin wa Lyon, Ufaransa, alitengeneza rangi ya kitambaa nyekundu inayoelekea zambarau, ikaitwa fuksini kwa kufanana na ua. Ilimilikiwa na kampuni ya ndugu Renard, na neno renard kwa Kifaransa ni mbweha, sawa na Fuchs.

Kuna kazi yake ambayo haikuchapwa?

Ipo, na ndiyo kubwa kuliko zote. Baada ya 1542 Fuchs hakusimama. Aliendelea kukusanya, kuchoresha na kuandika kwa karibu miaka 24, akikusudia juzuu tatu. Mswada huo una vitabu tisa vyenye picha zaidi ya 1,500, miongoni mwake picha za mapema za nyanya na tumbaku.

Isingrin alifariki mwaka 1557. Kuchonga mbao kwa picha nyingi kiasi hicho kulihitaji fedha nyingi, na Fuchs hakumpata mchapaji wa kuzibeba gharama. Alifariki mswada ukiwa nyumbani. Leo umehifadhiwa katika Maktaba ya Taifa ya Austria, Vienna.

Ninaweza kuviona wapi vitabu vyake bila kusafiri?

Maktaba kadhaa kubwa za Ulaya na Marekani zimeweka nakala za toleo la 1542 na la 1543 kwenye intaneti, bure, nyingine zikiwa zimetiwa rangi. Andika jina la Kilatini la kitabu kwenye kitafutio. Usihofu kutojua lugha: majina ya mimea yameandikwa juu ya picha, na ukifika penye mahindi utayatambua kabla hujasoma herufi hata moja.